Si Laana, ni Radhi

Ukilitaja jina la Von Erich mbele ya mtu anayeijua mieleka ya kulipwa ya Marekani, hutamaliza sentensi kabla hajasema, "ile familia yenye laana." Neno hilo limeandikwa magazetini, limesemwa kwenye vipindi vya televisheni, na mwaka 2023 likaingia kwenye filamu ya Sean Durkin, The Iron Claw, ambayo ndiyo iliyowafanya wengi wa rika la sasa wawajue watu hawa. Na ukiihesabu misiba yao, ni vigumu kumlaumu anayelitumia. Baba mmoja, watoto sita wa kiume. Baba alipofariki mwaka 1997 alikuwa ameshawazika watano.

Nataka kubishana na neno hilo. Sibishani nalo eti kwa kuwa ni ushirikina. Nimelelewa na watu wanaoiogopa laana kuliko polisi, na siwezi kuwacheka. Nabishana nalo kwa sababu linatumika ovyo. Kwetu laana ina masharti yake. Kuna aliyelaani, kuna aliyelaaniwa, na kuna kosa katikati yao. Ndiyo maana wazee wakiona nyumba inaandamwa na misiba hukaa kitako kuulizana: nani alikosewa? Laana isiyo na mlaani wala kosa ni namna tu ya kusema kwamba hakuna wa kuulizwa. Na katika habari ya Von Erich wapo wa kuulizwa wengi, na sisi watazamaji tumo.

Kwanza niwapange, maana misiba ikizidi majina huchanganyika.

Baba aliitwa Jack Adkisson, mzaliwa wa Texas wa mwaka 1929. Hakuwa Mjerumani. Jina la Fritz Von Erich alijipachika miaka ya 1950, vita vya Hitler vikiwa bado vibichi vichwani mwa watu, ili achukiwe. Alipanda ulingoni kama Mnazi, watu wakamzomea, hela zikaingia. Pigo lake lilikuwa mkono: anakukamata paji la uso kwa vidole vitano na kuminya mpaka uanguke. Hayo ndiyo makucha ya chuma yaliyoipa filamu jina lake. Baadaye, nyumbani Texas, akageuka kuwa kipenzi cha watu, na akashika uendeshaji wa mieleka ya Dallas.

Mwanawe wa kwanza, Jack mdogo, alifariki mwaka 1959 huko Niagara Falls akiwa na miaka 6. Alipigwa na shoti ya umeme akaangukia kwenye dimbwi la maji. Kisha wakafuata Kevin, David, Kerry, Mike na Chris. David alifariki Tokyo mwezi Februari 1984, akiwa na miaka 25. Taarifa rasmi ilisema ni ugonjwa wa tumbo. Mike alijiua mwaka 1987 akiwa na miaka 23. Chris alijiua mwaka 1991 akiwa na miaka 21. Kerry alijiua mwaka 1993 akiwa na miaka 33. Kevin ndiye aliyebaki.

Hapo tu kuna jambo ambalo neno laana linatuficha. Vifo hivi havifanani. Mtoto wa miaka 6 aliyekufa kwa umeme ni ajali, na hakuna mtu mwenye akili atakayemtafutia lawama. Kijana aliyeugua safarini, tuseme naye ni kudura. Lakini ndugu watatu waliochagua kuondoka, mmoja baada ya mwingine, ndani ya miaka sita, hao hawawezi kuwekwa kapu moja na dimbwi la Niagara Falls. Laana inawaweka wote pamoja, kama mtu anayekusanya risiti za matumizi mbalimbali kisha anasema, "basi, hela imeisha." Imeisha wapi?

Ili kuelewa ilikoishia, lazima tuone mieleka ya Marekani ilivyokuwa imegawanywa wakati huo. Mwaka 1948 mapromota kadhaa walikutana Waterloo, katika jimbo la Iowa, wakaunda chama chao, National Wrestling Alliance, au NWA. Makubaliano yalikuwa mepesi: kila promota ana eneo lake, asivuke mpaka wa mwenzake, na wote wamtambue bingwa mmoja wa dunia. Kila eneo likawa na mikanda yake. Kulikuwa na bingwa wa Texas, bingwa wa Florida, mabingwa wa wachezaji wawili wawili, na kadhalika. Bingwa wa dunia yeye akawa msafiri. Anaingia mjini, anapambana na kipenzi cha eneo, anaponea chupuchupu, anaondoka na mkanda wake. Watu wanarudi makwao wakisema, "Yaani alibakiza kidogo tu!" Miezi michache baadaye jamaa anarudi, na ukumbi unajaa tena.

Na matokeo, kama kila mtu anavyojua leo, yalipangwa. Nakumbuka kwenye vibanda vya video, mikanda ya mieleka ilipokuwa ikionyeshwa, ugomvi mkubwa haukuwa nani atashinda bali kama kweli wanapigana. Kulikuwa na kundi la "kweli" na kundi la "maigizo", na yote mawili yalilipa kiingilio kilekile. Ninachojiuliza mimi sasa ni jambo jingine. Kama mshindi anachaguliwa ofisini, ubingwa una thamani gani? Kwa nini mtu mzima alie akipewa mkanda ambao aliambiwa wiki iliyopita kwamba atapewa?

Jibu langu ni kwamba shindano halikuwa la kweli, lakini kuchaguliwa kulikuwa kwa kweli. Promota hakumpa mkanda mwenye misuli kuliko wote. Alimpa yule aliyeamini kwamba watu watatoa hela kumwona, kwamba siku ya pambano hatakosekana, kwamba hatahamia kwa jirani akiwa na mkanda begani. Ni sawa na kijiji kumkabidhi mtu ufunguo wa ghala la mahindi. Ufunguo wenyewe ni kipande cha chuma, lakini kukabidhiwa si mchezo. Mwanamieleka aliyepewa mkanda alijua ameaminiwa, na aliyenyimwa alijua pia.

Sasa, katika meza ya huyo anayetoa mkanda, mketishe baba yako mzazi.

Hiyo ndiyo ilikuwa Dallas. Promota alikuwa Fritz, na wapambanaji walikuwa wanawe. Kevin, David na Kerry waliingia ulingoni miaka ya 1970, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipindi chao cha televisheni, World Class Championship Wrestling, kilikuwa kikitazamwa mbali nje ya Texas, hadi Israeli. Vijana warembo, warefu, waliotangazwa kuwa wacha Mungu na watiifu kwa wazazi. Wabaya wao wakubwa walikuwa Fabulous Freebirds, kundi kutoka Georgia. Siku ya Krismasi ya mwaka 1982, Kerry akipigania ubingwa wa dunia ndani ya uzio wa chuma dhidi ya Ric Flair, Terry Gordy wa Freebirds alimgonga kichwani kwa mlango wa uzio. Ugomvi uliozaliwa hapo ulijaza kumbi kwa miaka.

Angalia biashara iliyouzwa pale. Wengine waliuza ugomvi. Dallas iliuza undugu. Mtazamaji hakulipa ili amwone Kerry peke yake. Alilipa kuona kaka akimkimbilia mdogo wake, baba akipanda jukwaani kumtetea mwanawe, mama akitajwa. Familia ndiyo iliyokuwa bidhaa, na bidhaa lazima iwepo dukani kila siku.

Hapa ndipo neno ninalolitaka mimi linapoingia, na liko upande wa pili kabisa wa laana. Ni radhi. Kwetu mtoto akisafiri huomba radhi, akioa huomba radhi, akimwuguza mzazi wake huomba radhi kabla pumzi haijakatika. Wahenga wakasema radhi ni bora kuliko mali. Tunaiogopa laana kwa sababu ni kukosa radhi. Lakini hatujiulizi sana kuhusu radhi yenyewe: inatolewaje, na kwa bei gani? Radhi ikitolewa bure, mtoto husimama juu yake akaangalia mbali. Ikiwekewa bei, inakuwa deni, na deni la mzazi halina siku ya mwisho kulipwa.

Durkin ameliona hili vizuri kuliko wote walioandika juu ya laana. Kuna tukio kwenye filamu ambapo Fritz, mezani na chakula mbele yao, anawapanga wanawe kwa jinsi anavyowapenda, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha anawakumbusha kwamba mpangilio unaweza kubadilika. Anasema kwa utani, na vijana wanacheka. Ni tukio la filamu, silileti kama ushahidi wa mahakamani. Lakini linasema jambo ambalo mikanda yenyewe ilikuwa ikilisema hadharani. Katika familia nyingi mpangilio wa mapenzi ya mzazi hubaki kwenye minong'ono ya jikoni. Kwa Von Erich ulitangazwa kwa kipaza sauti, ukapigwa picha, na ukafungwa kiunoni.

Tena kulikuwa na mkanda mmoja ambao baba mwenyewe hakuwahi kuupata. Fritz alikuwa mkubwa kiasi cha kuwahi kuwa rais wa NWA katikati ya miaka ya 1970, lakini ubingwa wa dunia wa chama hicho haukuwahi kumfikia. Wengi katika biashara hiyo waliamini ungemfikia David. Kisha David akafariki Tokyo.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 6 Mei 1984, watu zaidi ya 32,000 walijaa Texas Stadium kwenye onyesho la kumkumbuka David. Kerry alipambana na Flair na kushinda. Uwanja ukalia, familia ikapanda ulingoni, mkanda ukainuliwa juu. Siku kumi na nane baadaye, huko Yokosuka, Japani, Flair akauchukua tena. Yote mawili yalikuwa yamepangwa, kupewa na kunyang'anywa.

Wapo wanaolishutumu onyesho lile kwamba ni kufanya biashara kwa maiti. Mimi sifiki huko. Sisi ni nani wa kusema? Matanga yetu yana michango, yana daftari, yana pilau na sare, na anayeyatazama kwa mbali anaweza kudhani ni sherehe. Watu 32,000 hawakuja kudanganywa. Walikuja kumlilia kijana waliyemjua, na chozi la mtu aliyelipa kiingilio ni chozi. Linalonisumbua ni jingine. Matanga yana kazi moja kubwa: kumpa mfiwa ruhusa ya kutofanya kitu. Wengine wanapika, wengine wanachota maji, yeye anakaa mkekani. Pale Dallas mfiwa ndiye aliyekuwa mpishi. Kerry aliombolezea kaka yake akiwa kazini, mbele ya watu, na sehemu ya kazi yenyewe ilikuwa kushinda.

Na kiti cha David hakikuruhusiwa kubaki wazi. Mike, aliyekuwa ameanza kupambana miezi michache tu kabla ya msiba, akasukumwa mbele. Filamu inamwonyesha kijana wa gitaa, asiye na mwili wala hamu ya kaka zake. Mwaka 1985 aliumia bega kwenye ziara ya Israeli, akafanyiwa upasuaji, akapata maambukizi makali yaliyompandisha homa hadi madaktari wakakata tamaa. Alipona, lakini hakurudi kuwa yule wa zamani, mwili wala akili. Mwaka 1986 alirudi ulingoni. Mwaka uliofuata akafa.

Hebu tusimame hapo. Nani alimlaani Mike? Bakteria hawana chuki na mtu. Ugonjwa ule ungeweza kumpata yeyote aliyepasuliwa. Lakini kati ya ugonjwa na kifo kuna miaka karibu miwili, na ndani ya miaka hiyo kulikuwa na maamuzi. Kuna mtu aliyeandika jina lake kwenye ratiba. Kuna aliyechapisha tangazo. Kuna aliyekata tiketi ili kumwona kijana aliyenusurika. Ukisema laana, watu hao wote wanaondoka mlangoni bila kuulizwa lolote.

Katikati ya hayo kuna kisa cha Lance, ambacho nakiona kuwa na mafunzo kuliko vyote ingawa hakuna aliyekufa ndani yake. Mwaka 1985, David hayupo, Mike anaumwa, biashara ikahitaji Von Erich mwingine. Akatafutwa mwanamieleka mmoja mwenye umbo zuri, akaitwa Lance Von Erich, watu wakaambiwa ni binamu. Hakuwa binamu wa mtu yeyote pale. Alipoondoka kwa kutoelewana, Fritz mwenyewe akatangaza kwenye televisheni kwamba yule si wa damu yetu. Mashabiki walivunjika moyo kuliko wangevunjwa na pambano lolote. Walikuwa tayari kukubali ngumi za kuigiza. Ukoo wa kuigiza ukawashinda.

Lakini tazama upande wa pili wa kisa hicho. Mgeni aliweza kuingizwa kwenye ukoo kwa tangazo, na akatolewa kwa tangazo. Yeye alikuwa na mlango. Aligombana na bosi, akaenda zake. Mtoto wa kuzaliwa hana mlango huo. Ukiacha kazi kwa mwajiri, umeacha kazi. Ukiacha kazi kwa baba ambaye ndiye mwajiri, na ambaye upendo wake umefungwa kwenye kazi hiyo, umeacha nini? Wapambanaji wa maeneo mengine wakikosana na promota walihamia Florida au Georgia. Wana wa Fritz wangehamia wapi, wakaacha jina?

Krismasi ya mwaka 1987, miezi minane baada ya kumzika Mike, Fritz alishambuliwa na wabaya wa onyesho, akaanguka, na watazamaji wakaachwa waamini kwamba moyo wake unasimama. Ilikuwa maigizo ya kuokoa biashara iliyokuwa ikidorora. Naileta habari hii bila kutaka kumsuta marehemu. Naileta kwa sababu inaonyesha jinsi mpaka ulivyokuwa umefutika. Katika nyumba ambayo misiba ya kweli ilikuwa imejaza viwanja, mtu alifikiri kwamba msiba wa uongo nao utajaza. Wana mieleka wana mwiko wao wa kutotoboa siri, nao wanauita keifebu: mbaya na mwema wasionekane wakila pamoja, aliyeumia kwa maigizo achechemee mpaka sokoni. Mwiko huo ulilinda riziki ya watu wengi, siukejeli. Lakini mtu aliyezoea kuchechemea bila maumivu, siku akipata maumivu ya kweli atachechemeaje ili aaminiwe?

Kerry ndiye jibu la swali hilo. Mwezi Juni 1986 alipata ajali ya pikipiki iliyoharibu mguu wake wa kulia, na hatimaye unyayo ukakatwa. Jambo hilo likafichwa. Alirudi ulingoni na unyayo wa bandia ndani ya buti, na watazamaji hawakuambiwa. Katika pambano moja la mwaka 1988 mpinzani alivuta buti likachomoka, na Kerry akahangaika kujificha chini ya ulingo. Mwaka 1990 akaenda kwenye kampuni kubwa ya WWF, iliyokuwa imevimeza vieneo vingi vya aina ile, akaitwa Texas Tornado, na mwezi Agosti akachukua ubingwa wa Intercontinental. Wale waliokuwa wakibishana "kweli" na "maigizo" walikuwa mbele ya mtu ambaye ngumi zake zilikuwa maigizo na ulemavu wake ulikuwa kweli, na ni ule wa kweli ndio uliofichwa.

Wapo watakaosema huo ni ushujaa. Ni kweli, ni ushujaa. Lakini ushujaa unaoficha mguu uliokatwa, na dawa za kutuliza maumivu ya mguu huo, ni ushujaa unaolipwa na mtu mmoja na kuliwa na wengi.

Sasa niwape nafasi wanaonipinga, maana wana hoja. Hoja ya kwanza: hawa walikuwa watu wazima. Waliipenda mieleka. Walipata sifa, hela, wanawake, na Texas nzima iliwajua kwa majina. Hakuna aliyewafunga kamba. Hoja ya pili ni nzito zaidi: kurithisha kazi si kosa. Mvuvi humpeleka mwanawe baharini, na bahari huua. Mhunzi humpa mwanawe nyundo. Pale Calgary, Kanada, Stu Hart aliwafundisha mieleka wanawe wote wa kiume katika chumba cha chini cha nyumba yake, na ukoo huo ukatoa mabingwa kama Bret na Owen. Tukimhukumu Fritz, si tutawahukumu wazazi wote waliowahi kuwapa watoto kile walichokuwa nacho?

Hoja ya mvuvi nimeifikiria sana. Naona tofauti moja kubwa. Bahari haimpendi mvuvi wala mwanawe. Samaki wakikosekana, baba na mwana wanarudi mikono mitupu pamoja, na usiku wanakula ugali uleule. Kushindwa kwao kunatoka nje ya nyumba. Kwa Von Erich, aliyepanga nani ashinde na nani apewe mkanda alikuwa mkuu wa nyumba. Bahari ilikuwa baba. Hapo mtoto akishindwa, kushindwa kunatoka ndani, kwa mtu yuleyule ambaye angemkimbilia akishindwa.

Na juu ya hoja ya utu uzima, nitasema hivi. Uhuru wa mtu haupimwi kwa kuuliza tu kama alisema ndiyo. Unapimwa kwa kuuliza kama angeweza kusema hapana na bado akaketi mezani. Sidai kwamba Fritz aliwakataza. Huenda asingewakataza kamwe. Lakini baba aliyewapa wanawe jina ambalo yeye mwenyewe alilibuni ili limpatie riziki, akawalea mbele ya kamera kama kielelezo cha utiifu, akajenga kumbi zinazojaa kwa sababu ya utiifu huo, hahitaji kumkataza mtu. Hapana yao ingekuwa habari ya gazeti.

Wala sitaki kumfanya Fritz zimwi. Ni mzee aliyewazika watoto watano, na hakuna hukumu ya mwandishi inayoweza kuifikia adhabu hiyo. Nadhani aliwapa wanawe kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kosa lake, kama ninavyoliona, ni la kawaida mno, ndiyo maana linafaa kuandikwa. Alichanganya radhi na ushindi. Wazazi wangapi hapa kwetu hawajafanya hivyo kwa mtihani wa darasa la saba, kwa udaktari, kwa mwana anayetakiwa kuoa mwaka huu? Wengi wetu tunanusurika kwa sababu wazazi wetu hawana kipindi cha televisheni.

Nimemwacha Chris mwisho, na nina sababu. Chris alikuwa kitindamimba. Alikuwa mfupi, ana pumu, na dawa za pumu zilimdhoofisha mifupa kiasi kwamba mapigo ya kawaida ya mieleka yaliweza kumvunja. Hata hivyo alitaka kuwa kama kaka zake kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, na mwaka 1990 alikuwa akijaribu kupambana. Hakuwahi kupata mkanda wa maana. Alikufa siku kumi na nane kabla ya kutimiza miaka 22.

Chris hayumo kwenye The Iron Claw. Durkin alieleza kwamba msiba mmoja zaidi ungeizidi filamu. Kama mtu anayesoma na kuandika, namwelewa. Sanaa ina kipimo chake, na mtazamaji akishalia mara nne, ya tano hulia kwa mazoea au hucheka. Filamu ni nzuri, na huenda ingeharibika. Lakini siwezi kujizuia kuona kilichotendeka. Alipokuwa hai, Chris hakutosha kuingia kwenye onyesho la familia yake. Alipokufa, hakutosha kuingia kwenye hadithi yao. Mara zote mbili sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli kabisa: mwili hautaweza, hadithi haitaweza. Na neno laana, ambalo filamu imelitumia, linahitaji hesabu ya misiba, lakini halihitaji mtu mmojammoja. Ndiyo maana mmoja anaweza kupunguzwa na laana ikabaki imara.

Kevin yuko hai. Alihamia Hawaii na familia yake, na mwaka 2009 aliipokea kwa niaba ya wote heshima ya kuingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa WWE. Wanawe wawili, Ross na Marshall, ni wanamieleka. Mtu anaweza kuitumia habari hiyo dhidi yangu: kumbe mchezo haukuwa tatizo, wala jina halikuwa tatizo. Nakubali, hata kidogo sijasema mchezo ulikuwa tatizo. Vijana wale wanapambana kwa mapromota ambao si baba yao. Wakishindwa, wana mahali pa kurudi ambako hakuna anayehesabu.

Basi nitakachowaomba wasomaji wa hapa ni kidogo. Siku ukiwa matangani, ukasikia mtu nyuma yako akinong'ona kwamba ukoo huu una laana, maana huyu ni wa tatu, usimbishie kuhusu laana. Mwulize tu wa kwanza alikufaje, na wa pili alikufaje, na huyu wa leo alikuwa akiishije mwaka jana. Mwulize alikuwa akidaiwa nini, na nani. Pengine mtakuta ni kudura tupu, na hapo mtanyamaza kwa haki. Pengine mtakuta kijana aliyekuwa akilipa radhi kwa awamu. Na kama nyumba hiyo ina kitindamimba, mtafuteni alipo, mwulizeni amekula.